Ukoo Mzima Ulimpigia Kura

Mfuga kuku alipata kura kumi na tisa katika uchaguzi wa halmashauri ya kijiji, na ukoo wake peke yake una wapiga kura wanaopita mia. Mtu mwenye akili angepiga hesabu hiyo akanyamaza, akaanza kuwatazama ndugu zake kwa jicho jingine. Yeye alivaa suti akaenda mjini kushtaki.

Nje ya mahakama, kwenye benchi lililo karibu na choo, alikaa bwana mmoja aliyeitwa Tai, kwa sababu ya tai nyekundu asiyoivua hata kwenye jua la saa nane. Hakuwa wakili. Aliwahi kufagia ofisi ya wakili, akaondoka na koti na maneno machache ya kisheria, na hayo ndiyo yaliyomlisha. Makarani walimjua. Walimwacha akae maadamu hakuwaletea kelele. Bila lile benchi angekuwa mtu mwenye koti tu.

Siku hiyo alimsikia mfuga kuku akimuuliza askari wa getini, "Haki inatolewa chumba namba ngapi?" Tai akasimama, akafunga kifungo. Anayeuliza hivyo ana hela na hana rafiki.

"Mzee wangu, umeibiwa kura."

"Umejuaje?"

"Una uso wa mshindi."

Ikawa imekwisha. Aliyeshindwa, ukimwambia alishinda, atakuvulia mpaka saa ya mkononi.

Tai akaeleza kwamba uchaguzi utabatilishwa, ila kila aliyempigia kura lazima aape mbele ya hakimu. "Wangapi walikupigia?"

"Ukoo mzima. Nimewauliza mmoja mmoja."

"Safi. Wewe lete nauli yao, chakula chao na ada ya kiapo. Kuwaita niachie mimi."

Kuwaita hakukuwemo kwenye mpango wake. Alitaja Alhamisi, siku ambayo hakimu hayupo, ili aseme kesi imeahirishwa, na aendelee kusema hivyo mpaka mzee achoke. Mfuga kuku akauza kuku wake wote wa mayai, akaleta bahasha nene. Tai akanunua viatu vyenye ncha.

Ila mfuga kuku hakuweza kunyamaza. Aliita kikao cha ukoo akatangaza: wakili ana nauli na chakula cha kila aliyenipigia kura, asiyekuja Alhamisi nitamjua. Basi nani angebaki nyumbani? Waliompigia walikuja. Ambao hawakumpigia waliwahi siti za mbele.

Alhamisi asubuhi malori mawili yakawashusha mbele ya benchi, wengine na watoto mgongoni. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa mfuga kuku, mama mpana mwenye mkoba mweusi.

"Mwanangu, wewe ndiye wakili?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Madereva wanataka hela yao."

"Mama, kesi imeahirishwa."

"Njaa yetu haijaahirishwa."

"Rudini tu, nitawaita."

Shangazi akageukia dirisha la karani. "Wanangu, twendeni tukaulize humo ndani. Labda hela yetu anayo hakimu."

Tai akamshika kiwiko. "Shangazi, pole pole. Tuongee kifamilia."

"Ehe, umeshanijua. Familia yetu inakula nyama."

Wakala kwenye mgahawa wa nyuma ya mahakama, wakaongeza, wakafungiwa na nyama za watoto waliobaki nyumbani. Bahasha ikaisha kabla ya soda. Shangazi akakumbuka ada ya kiapo.

"Lakini hamjaapa," Tai alisema.

"Kiapo tumekuja nacho mdomoni. Hakimu wenu ndiye hayupo. Lipa."

Simu ya Tai ikaenda kwa madereva. Koti na viatu akamwachia mwenye mgahawa, apate hela ya soda na ya ada. Mfuga kuku hakuona lolote. Alikuwa akifuta machozi.

"Umewaona, wakili? Wote walinipigia."

Tai, miguu peku, akasema kweli kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. "Mzee, hawa hawakukupigia."

"Kumbe na wewe wameshakununua," mfuga kuku akasema, akamgeuzia mgongo.

Saa hizohizo kijijini, yule aliyemshinda mfuga kuku kwenye uchaguzi aliitisha mkutano wa kugawa vibanda vya soko. Wa kupinga wote walikuwa mjini wakitafuna. Tarehe alipewa na mama mkwe wake, na mama mkwe wake ndiye huyo shangazi.

Kesi iligharimu hivi. Mfuga kuku: kuku wote, na kibanda alichouzia mayai, ambacho sasa ni cha shangazi. Tai: bahasha, simu, koti, viatu alivyovivaa wiki moja, na benchi, maana makarani walisikia kelele. Mshindi: hakutoa hata senti. Ukoo: asubuhi moja. Ile tai nyekundu mwenye mgahawa aliikataa.