Hajambo, Si Mgonjwa

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimeanza kazi. Mimi, Abubakar, mwenye cheti cha semina ya usimamizi wa biashara, nimekabidhiwa hali ya fedha ya kliniki ya mdogo wangu hapa Ukunda. Sumaiya ni daktari. Watu anawajua, pesa hazijui. Hoteli moja ya Diani inatafuta kliniki ya kutibu wafanyakazi wake, na wiki hii itatuma mtu wa kutukagua. Tukipata mkataba, kodi imelipika na mimi napewa ofisi. Tukiukosa, mwenye nyumba anafunga milango. Sumaiya kasema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti ya chini.

Nimepiga hesabu mpaka magharibi. Mabenchi yamejaa, droo ya pesa karibu tupu. Biashara inaumwa, na tabibu wake ni mimi!

Jumanne, 15 Julai
Nimegundua! Wale si wagonjwa. Wamefuata feni! Wawili wamechomeka simu zao ukutani, mmoja anachambua mchicha. Mapenzi, muuguzi wa mapokezi, eti yule wa mchicha anasubiri majibu ya damu. Nikamwambia anayesubiri majibu ya damu hachambui mchicha, anatetemeka. Akanipa mgongo, akaita anayefuata. Huyu Mapenzi ana dharau, wallahi.

Dawa ni mchujo. Kesho nitakaa nje, langoni, niulize kila ajaye swali moja. Mgonjwa apite, mzima arudi kwake. Kwa heshima lakini. Sisi ni watu wa Pwani.

Jumatano, 16 Julai
Makubwa haya! Nimewauliza wote, "Hujambo?" Na wote hawajambo! Aliyekuja akichechemea, hajambo. Aliyeshika tumbo kwa mikono miwili, hajambo, anamshukuru Mungu. Mama mmoja wa Kinondo akasema hajambo, ila... Nikamkatiza hapo hapo. Hajambo ni hajambo! Nikawarudisha mmoja mmoja.

Kumbe miaka yote hii Sumaiya anatibu watu wazima! Ndiyo maana hawalipi!

Jioni droo tupu kabisa. Sumaiya akauliza wagonjwa wamekwenda wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba hawapo, mji mzima uko salama. Akasema labda kuna mazishi mahali.

Alhamisi, 17 Julai
Fedheha! Bimkubwa, jirani yetu tangu utoto, ana ugonjwa wa sukari. Kaja asubuhi kwa tuktuk. Nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza hali. Akaitika marahaba, akasema hajambo, alhamdulillahi, akaniuliza watoto, akaniuliza mke, akaniuliza hata mbuzi wangu. Mgonjwa gani huyo wa kuuliza mbuzi? Nikamwitia tuktuk nyingine. Hajainua mguu kupanda, chini!

Sumaiya akatoka mbio na kiatu kimoja, Mapenzi nyuma yake. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Ametundikiwa dripu, sasa anaongea, na ameshauliza mbuzi tena.

Na lawama kwa nani? Kwangu! Sumaiya kanifokea mbele ya watu, mimi kaka yake mkubwa! Ati mtu wa Pwani hata akiwa jenezani, ukimwuliza hujambo atajibu hajambo. Sasa hilo ni kosa langu? Mimi nimeuliza kwa adabu, mama wa watu kanidanganya kwa adabu. Nimependekeza atozwe faini kwa maelezo ya uongo. Mapenzi akacheka mpaka akashika ukuta.

Haya. "Hujambo" basi. Nabadilisha swali.

Ijumaa, 18 Julai
Swali jipya ni "Habari?" Matokeo ni yale yale. Nzuri, njema, salama. Watu wa mji huu hawaumwi!

Kabla ya swala ya Ijumaa akaja msichana wa bara, mkoba begani, faili kwapani. Nikamwuliza habari. Akasema yuko poa. Nikamfahamisha kwamba hapa tunahudumia wagonjwa, walio poa waende wakapunge upepo ufukweni. Akaniuliza jina. Nikampa lote, pamoja na jina la semina. Akaandika. Nikafurahi. Nikaona angalau mmoja anajua thamani ya mtu.

Anaitwa Judy. Ndiye mkaguzi wa hoteli.

Sumaiya hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mtandio, akasema jasho lake la miaka sita limekwenda kwa neno "poa". Moyo uliniuma, sikatai. Na ile ofisi ndiyo imekwenda.

Jumamosi, 19 Julai
Nimefukuzwa! Na mdogo wangu wa tumbo moja! Niliyemfundisha kuhesabu! Mapenzi kanifungulia lango kabla sijafika. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatatu, 21 Julai
Subhanallah! Sumaiya alikwenda hotelini kuomba radhi. Judy akakubali kurudi leo. Akakuta mabenchi yamejaa, akamkuta Bimkubwa akisifu dripu. Akatia saini! Kwa sharti moja tu, kwamba Abubakar asionekane tena langoni. Limeandikwa ndani ya mkataba, kwa jina langu kamili.

Mapenzi ametajwa? Hakutajwa. Katika kliniki nzima, hoteli imeona umuhimu wa kumwandika mtu mmoja. Wiki moja tu ya usimamizi wangu, na mkataba mkononi! Sumaiya anadhani ni radhi zake.

Jioni amenipigia simu binamu yangu Twaiba, daktari wa meno kule Msambweni. Analalamika kwamba benchi limejaa lakini fedha hazionekani. Hajasikia yaliyotokea huku, nami sikutaka kumchosha nayo. Nimemwambia asijali, kesho mapema nitakuwa langoni kwake.

Kipimo ninacho tayari. Mwenye jino bovu kweli hawezi kucheka. Kila ajaye nitamtolea kichekesho, na atakayecheka, nyumbani.