Gramu Tisa Zilizopotea

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Hesabu imelingana. Miezi mitano mimi na Kapitolina tunapima urani iliyoganda ndani ya mabomba ya zamani ya kiwanda cha nyuklia. Kitabu chasema gramu arobaini na moja. Tumepata arobaini na moja. Kesho tunahakiki, kisha Kapitolina anahamia maabara kwa Arkadi, yule wa kujisifia uyoga wake wa chumvi.
Sheria ya kiwanda: haruhusiwi mtu mmoja chumbani, lazima wawili. Sheria tamu! Nyumbani kwangu haipo. Wiki ya chapati za maji, ile ya kabla ya mfungo, imeanza. Zangu nimekula nimesimama, peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Kuna kijiti cha kutenga kipimo na bomba. Nimekirefusha kwa utepe, vidole vitatu. Kipimo kikiwa mbali husoma kidogo. Gramu thelathini na mbili! Tisa hazipo! Tutarudia yote. Mimi si mchezo.

Jumatano, 6 Machi
Nilisahau: urani ikikosekana, lango hufungwa. Watu mia mbili tumo ndani. Maua ya sikukuu ya wanawake yanaganda nje ya lango kwenye theluji, ya Arkadi kwa Kapitolina yakiwemo. Raha!
Kapitolina haachi kutazama saa. Dada yake amefika kwa treni, hawajaonana miaka minne, na kibali cha kuingia mji wetu uliofungwa kwa wageni ni siku mbili tu. Raha imeniisha. Nikataka kusema ni mimi. Sikusema.

Alhamisi, 7 Machi
Kapitolina kakipima kijiti kwa rula. Kamwambia mkuu kijiti kibovu, tupime upya. Arobaini na moja. Lango wazi, dada bado ana nusu siku.
Koridoni akaniuliza kama nina akili timamu. Nikakiri: nilitaka abaki. Akaguna. “Mzee mzima! Ungesema tu tunywe chai, ningekataa?” Nikamwambia naona aibu. Akasema nije Jumapili nigonge mlango, basi.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya kusameheana, kesho mfungo. Niligonga, nikaomba radhi, akanisamehe, akanilisha chapati kwa asali. Arkadi hakuwepo! Akasema nije Jumapili yoyote, hata bila sababu.
Bila sababu? Nani huenda kwa mtu bila sababu?
Ana vijiko sita vya marehemu mama yake, huvihesabu kila akiosha. Kimoja kimo mfukoni mwangu. Kesho atapata vitano, na wa kutafuta lazima wawe wawili.