Chokoleti ya Bwana Uhakika

Bwana Uhakika hakuwahi kupanda hata mchicha. Lakini siku alipomwona bibi mmoja akinunua kipande cha chokoleti, chembamba kama kadi ya mwaliko, kwa bei ya jozi ya viatu, papo hapo akajua kwamba yeye ni mtaalamu wa kakao. Wito ndivyo ulivyo, haubishi hodi.

"Mbona ghali hivi?" akamuuliza muuzaji.

"Kakao bora ya hapa hapa, mzee. Imetengenezwa kwa mkono."

Basi akanunua chokoleti za kiwandani, zile za kuwanyamazishia watoto, akaziyeyusha, akazimimina kwenye vibati na kuzifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani. Kesho yake alikuwa mbele ya mwenye hoteli, mtu aliyeweza kusifia hata maji, mradi aambiwe ni adimu.

"Naonja... kama udongo," alisema mwenye hoteli, macho kayafumba.

"Udongo wa mlimani," Uhakika akamnong'oneza. "Tena upande unaopata jua la asubuhi."

"Nachukua zote! Ila kwanza nione karakana."

Karakana! Uhakika hakuwa nayo. Kisha akamkumbuka shangazi yake, ambaye kwa miaka sita alikuwa akitengeneza chokoleti ya kweli uani kwake, asijulikane na yeyote nje ya mtaa.

"Shangazi, kesho anakuja bwana afya," akamwambia. "Mkali huyo! Usitie neno, niachie mimi."

Kisha akaenda kwa mwenye hoteli, akamwambia, "Yule mama ni kibarua wangu. Maskini, hasikii."

Siku ya pili mwenye hoteli alisimama uani, katikati ya trei za kakao iliyoanikwa, akivuta harufu ya mbegu zilizokaangwa.

"Mnaichachusha siku ngapi?"

"Dakika arobaini," alijibu Uhakika bila kupepesa. "Tukiwa na haraka, ishirini."

Shangazi akakohoa.

"Na maganda?"

"Tunayasagia humo humo. Si ndiyo vitamini?"

Shangazi akabwaga ungo. "Mwanangu, nifungiwe na afya, sawa, lakini hilo silinyamazii! Siku sita, baba, kwenye sanduku la mbao, na kuzigeuza. Maganda yote hupepetwa!"

"Kumbe unasikia!" mwenye hoteli akashangaa.

"Tangu nizaliwe. Kwani wewe si bwana afya?"

Wote wawili wakamgeukia Uhakika. Shangazi, aliyejua kwamba mgeni haondoki mikono mitupu, akampa kipande. Safari hii mwenye hoteli hakutaja udongo wala mlima. Aliomba kingine, akaandikiana mkataba na shangazi pale pale. Kisha akataka polisi.

"Polisi wa nini?" alisema shangazi. "Huyu damu ya kaka yangu. Nitamfunga mimi."

Mota ya mashine ya kusagia ilikuwa imeungua, na jiwe lake lazima lizunguke. Uhakika akalizungusha kwa mkono siku tatu, viganja vikatoka malengelenge. Angeweza kutoroka, lango lilikuwa wazi. Lakini ule uji mweusi ulizidi kulainika kila alipouonja, na kwa aibu kubwa akajikuta anataka kuona mwisho wake.

Chokoleti ilipofika hotelini, yeye ndiye aliyeibeba. Mgeni mmoja akaonja, akashangaa.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi na shangazi yangu," alisema Uhakika taratibu, maana ukweli ulikuwa mgeni kinywani mwake. "Nimeisaga siku tatu."

Mgeni akamtazama juu hadi chini, akacheka.

"Bwana wee, utapeli huo kawauzie wengine."