Mafuta Yasiyowasha

Jumatatu, 3 Machi 1997. Oyugis.
Ng'ambo ya barabara kinyozi mwenzangu Barnabas bado anawapaka wateja spiriti baada ya kunyoa. Wanaruka kama waliokalia siafu, kisha wanahamia kwangu. Mwaka mzima sasa! Siri yangu: dawa ya vidonda, tyubu kadhaa kutoka kwa Faruk wa duka la dawa, imekorogwa ndani ya kopo la mafuta. Kila kisogo kinapakwa, kiwe na kidonda kisiwe nacho. Haiwashi. Leo lakini mwalimu Odoyo amerudi na shingo imevimba. Amesema, omera, ndugu yangu, lile jipu ulilonipa limezaa. Eti nililompa mimi! Nimeongeza tyubu mbili koponi.

Alhamisi, 6 Machi.
Mke wangu Gesare amejichoma sindano akishona sare za shule. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, ndicho kinachomwongozea kitambaa. Hakuna neno. Ila ndiye pia anayenifulia taulo za kinyozi, na kidole kimeanza kuwa chekundu. Anataka hospitali. Mke wa Osoro, mwenye mafuta ya ajabu, apange foleni hospitali? Barnabas angechinja mbuzi kwa furaha. Nimempaka mwenyewe, kwa upendo, kutoka kopo lile lile.

Jumamosi, 8 Machi.
Sabato. Kidole kama ndizi mbivu. Gesare ameshika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kushoto. Barnabas, sauti ya asali, akauliza mama ameumwa na nini. Nikajibu haraka: nyigu. Gesare akasema, kanisa lote likisikia: "Nyigu gani, Baba Machuki? Nyigu ni wewe." Wamecheka mpaka mzee wa kanisa. Nimempaka mara mbili zaidi.

Jumatatu, 10 Machi.
Ameenda hospitali. Nani kampeleka? Barnabas, kwa baiskeli! Nimewaona wakipita mbele ya duka langu huku nimeshika mashine juu ya kichwa cha mtu. Nimemkata vibaya. Nikampaka.

Alhamisi, 13 Machi.
Daktari ameniita. Walichukua usaha wa Gesare, wakauotesha kwenye kisahani na kuweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Kipande kimoja tu kilikuwa na uwanja mweupe pembeni: hapo wadudu wamekufa. Kwenye dawa yangu walikuwa wamejaa mpaka ukingoni, kama wateja mlangoni kwangu siku ya soko. Aliuliza nimeitumia vipi. Nikajisifu kidogo. Akavua miwani. Akasema kila nilipopaka, wadudu wanyonge walikufa, wale sugu wakabaki, nami nikawasafirisha kwa kidole changu kutoka kisogo hadi kisogo, kisha kwa taulo hadi kwa mke wangu. Nilisema basi watibiwe hao sugu. Alisema mfupa umeshaoza.
Wamekata kidole. Chote.

Ijumaa, 21 Machi.
Gesare amerudi. Ameipita cherehani yake, akaifunika kwa shuka kama maiti. Sare za watu amezituma kwa fundi mwingine. Hajanitukana. Afadhali angenitukana. Nimelia nyuma ya duka, kweli nimelia, nikalichoma lile kopo moto.
Amepewa tyubu ndogo ya dawa ile ya uwanja mweupe. Daktari ameonya: ya kidonda chake peke yake, asipakwe mtu mwingine, maana hiyo nayo ikizoeleka hatuna ingine.
Saa sita mchana Gesare alijilaza. Tyubu ilikuwa dirishani. Nikawaza. Kama inawaua hata wale sugu! Barnabas ana nini cha kufikia hapo? Nimekamua kidogo tu, upande wa chini, isionekane kwamba mtu ameigusa. Kopo jipya, mafuta mapya.
Wa kwanza alikuwa mwalimu Odoyo, na shingo yake. Akaniuliza kwa wasiwasi, omera, hii mpya inawasha?
Nikamwambia hata chembe.