Mkuu wa Barafu, Bado Hajatangazwa

Jumatatu, 4 Mei

Siku kubwa! Madamu Rozalia, meneja wetu hapa kiwanda cha barafu Kibiti, ametangaza. Mapande yanatoka laini, wanunuzi wa samaki na kamba wa deltani wananuna. Muda wa kugandisha urekebishwe ndani ya PLC, kile kisanduku kinachoamuru mitambo yote. Atakayeunganisha laptopu na PLC akaurekebisha, ndiye mkuu wa mitambo. Tuko wawili: mimi Twalha, mwenyeji wa kijiji cha Mtawanya, na Aika, dada wa Moshi aliyekuja juzi na miwani yake.

Nimemwambia mke wangu Sihaba kwamba cheo nimeshapewa. Sijui kwa nini. Ulimi ulitangulia. Chai haijapoa, alishampigia mama yake. Mama mkwe huyo, Bi Kijakazi, anapika pilau Ijumaa, na dua juu. Nimefurahi. Nimeogopa. Sijakaa kitini tangu hapo.

Jumanne, 5 Mei

Nimechomeka kebo ya bluu, upande mmoja kwenye laptopu, mwingine ndani ya kabati la umeme. Taa zinawaka. Mawasiliano hakuna! Laptopu na PLC vinakwepana kama mimi na mama mkwe tukikutana njiani. Nimezima, nimewasha. Nimepuliza kebo. Nimesoma Bismillahi. Hola.

Aika kapita. Akasema, bila kuulizwa, kwamba vifaa vya netiweki moja hupewa namba zinazofanana mwanzo, ila ya mwisho lazima itofautiane, kama nyumba za mtaa mmoja. PLC yetu inaishia kumi, basi niipe laptopu ishirini. Nikamshukuru na meno yote nje. Mpinzani gani anagawa siri bure? Mtego huo! Kesho nafanya kinyume.

Jumatano, 6 Mei

Nimeipa laptopu namba ileile ya PLC, mpaka kumi ya mwisho. Nikachomeka. Skrini kubwa ya mitambo ikawa nyekundu yote: mawasiliano yamekatika. King'ora! Madamu Rozalia akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. Nikachomoa kebo kwa hofu. Nyekundu ikatoweka. Madamu akauliza nani katengeneza. Nikasema mimi. Si uongo, mkono ni wangu. Akasema kumbe nina kipaji.

Kipaji! Basi kesho mwenye kiwanda anakuja. Nitachomeka kwa siri, king'ora kilie, Aika ahangaike, nichomoe, nishangiliwe. Kebo nimekwenda nayo nyumbani, Aika asije akaiona.

Alhamisi, 7 Mei

Kebo haipo! Hashimu ameibeba. Huyu ni binamu yangu, anauza kahawa kwenye geti la kiwanda, na ni mtani wangu. Kasikia kwa Sihaba habari za cheo. Mtu akipata kheri, mtani anachukua kitu chake mpaka akikomboe, na kukasirika ni aibu. Kwa hiyo nimekwenda kwake kucheka. Nimecheka mpaka mashavu yakauma. Akataka jogoo. Nikampa yule mwekundu, kipenzi changu. Ndipo akanionyesha kebo: kafungia mbuzi, na mbuzi katafuna ncha. Nikacheka tena, huku moyo unaniwaka.

Kufika kiwandani, mwenye kiwanda kashaondoka. Aika katumia kebo yake, laptopu kaipa ishirini, muda kaubadilisha, basi. Pande la kwanza limetoka gumu kweli. Nimelipiga teke, kidole kimevimba. Funguo za chumba cha mitambo sasa anazo Aika.

Ijumaa, 8 Mei

Nimechechemea mpaka Mtawanya, kwa Bi Kijakazi. Sikulala, nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Sihaba, sikuyapata. Wazee wamekiombea dua cheo ambacho sina. Nimeitikia amina kwa sauti ndogo. Niliona haya, kweli niliona haya.

Mara Hashimu akasimama na sahani yake. Akatangaza kwamba mimi si mkuu wa chochote, cheo kapewa dada wa Moshi, kazi yangu ilikuwa kuliza king'ora. Yote kweli! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakasema mtani huyu leo kazidi. Hakuna aliyemwamini, hata mmoja. Nikamwongezea nyama kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu mwenyekiti wa kijiji, akinawa mikono, akasema pampu ya maji ya Mtawanya nayo ina PLC, mpya, haijarekebishwa, maji hayatoki, na fundi wa Dar haonekani. Kina mama wanafuata maji mbali. Kwa kuwa mkuu wa mitambo ni mtoto wa nyumbani, aje Jumapili. Vigelegele! Cha Bi Kijakazi ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Nikasema inshallah.

Jumamosi, 9 Mei

Siwezi kutulia. Nimekata ncha iliyotafunwa, nimeunga nyaya kwa selotepu. Aika kasikia habari za pampu, sijui kwa nani. Kajitolea twende wote, na karudia habari yake: ya mwisho itofautiane, kaka Twalha, tafadhali. Nikamwambia asijisumbue. Wivu tu ule.

Namba ya PLC ya pampu nimeshaipata. Laptopu naipa ileile, mpaka ya mwisho. King'ora kikilia nachomoa, wananishangilia, nimemaliza.

Sihaba anasema mama yake ameshapeleka ndoo zake bombani. Yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.