Familia Inakuja Kesho

Jumatano, 5 Novemba 2025. Al-Shumaisi, Riyadh.

Mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke Webuye. Siku hizi anayehesabu ni mimi peke yangu.

Eucabeth amepiga simu. Jumatano! Yeye hupiga Ijumaa, kutoka Al-Nuzha kule Jeddah, ambako amelea watoto wa watu tangu enzi zile nilipokuwa karani huko. Simu hiyo ndiyo wiki yangu. Leo amesema halas, yamekwisha, karatasi yake ya kuondoka kabisa imetoka. Anarudi Siaya. Ila kwanza anakuja Riyadh na madam wake, kuna harusi. Ijumaa amepewa ruhusa ya kutwa, na anataka nimpeleke sokoni akanunue sanduku kubwa la magurudumu.

Akaahidi kunipigia akifika nyumbani. Peris aliahidi hivyo alipoondoka. Allan pia. Watu wakifika nyumbani hupata watu.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Mkenya harudi mikono mitupu. Bila sanduku, na bila blanketi nzito za mashangazi, atapandaje ndege? Basi sanduku lisipatikane! Masoko hapa Ijumaa hufungwa asubuhi yote, hadi baada ya sala ya alasiri. Nitampeleka asubuhi. Atakuta milango ya chuma. Atasikitika, ataahirisha safari, madam atafurahi, na simu ya Ijumaa itaendelea. Mpango safi!

Alhamisi, 6 Novemba.

Danson amenusa jambo. Danson ni jirani yangu wa mlango wa pili, muuguzi, ana gari, na ana simu inayojua kila kitu. Zamani wageni kutoka Kenya waliletwa kwangu niwaeleze mji. Sasa wanaletwa kwake, na Ijumaa wanakula ugali kwake. Mimi nasikia vicheko ukutani.

Akasema atampeleka Eucabeth kwa gari. Nikakataa. Nikasema tutakwenda na treni mpya, maana naijua vizuri sana.

Sijawahi kuipanda. Ikabidi niende kufanya mazoezi. Kituo kinang'aa kama hospitali ya matajiri. Nikaingia behewa lenye nafasi tele, nikakaa dirishani. Mlinzi akaja kuniuliza familia yangu iko wapi. Nikatazama huku na huku, kana kwamba ilikuwa hapo sasa hivi. Mafi familia, hakuna familia, akasema, yalla, behewa la wanaume ni lile. Nikamjibu kwamba familia inakuja kesho.

Hakucheka.

Ijumaa, 7 Novemba.

Siku kubwa! Eucabeth amenenepa na nywele zimeanza mvi. Akaniambia, jaduong', mzee wangu, umekonda kama mswaki. Tukapanda behewa la familia. Yule mlinzi wa jana alikuwepo. Nikampungia mkono!

Ili kupoteza muda nikampeleka hadi mwisho wa reli, kisha tukarudi, kisha tukaenda tena. Hakulalamika. Minara ya vioo ikapita, jangwa likapita. Bibi mmoja akamuuliza kama mimi ni mume wake. Eucabeth akasema la, huyu ni mzigo wa jirani. Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Sokoni Batha tulikuta milango yote imefungwa, kama nilivyopanga. Nikashika kichwa. Nikasema, pole sana, labda mwaka ujao. Eucabeth akatandika leso kwenye ngazi ya duka, akatoa chapati, akasema tutangoja.

Kungoja! Sikuhesabu hilo. Mtu aliyengoja watoto wa watu walale, waamke, wakue, waoe, atashindwa na mlango?

Alasiri maduka yakafunguliwa. Akachagua sanduku la buluu. Nikasema zipu ni dhaifu. Nikasema magurudumu hayafiki Nairobi, sembuse Siaya. Muuzaji, Myemeni mwenye kilo zake, akapanda juu ya sanduku na kurukaruka. Watu wakapiga makofi. Halas, limenunuliwa. Eucabeth akaniamuru nilivute nione kama ni zito. Nikafikiri ananitumia kama punda.

Kisha gari la Danson likatokea. Kumbe walishapanga amrudishe kwa madam! Nikainua sanduku nilitie nyuma. Eucabeth akanizuia. Mizigo yake ilisafirishwa kutoka Jeddah zamani, blanketi zote na masufuria. Akasema, “Hilo ni lako, Josphat. Utapakia lini?”

Gari likaondoka.

Nikarudi na treni, behewa la wanaume. Hapo likatokea ajabu. Kijana Mbengali akaliona sanduku, akaniachia kiti. Mwingine akauliza naenda nchi gani. Nikasema Kenya. Behewa zima likanitakia safari njema. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia hadi nikashuka.

Jumamosi, 8 Novemba.

Eucabeth ameshaondoka na madam wake kurudi Jeddah. Anaruka kesho.

Danson amelikuta sanduku mlangoni pangu. Akauliza kwa sauti ya chini, mzee wetu, unarudi nyumbani? Nikakumbuka lile behewa. Nikajibu kwamba mambo yanaandaliwa. Akanikumbatia! Macho yalimlowa, yule Danson! Ametangaza karamu ya kuniaga, Ijumaa ijayo, kwangu. Wale wa ugali wa kwake watakuja wote: Winfred atapika samaki. Lawrence ataleta viti. Hotuba zitakuwepo.

Mpango safi kabisa, safari hii hauna dosari. Karibu na siku ya kuondoka, ikama, kibali changu cha kuishi hapa, itapata tatizo kwa kafili, mdhamini wangu. Tatizo la ikama kila mtu analielewa, hakuna atakayeuliza. Watanipa pole, na pole huja na chakula. Mwakani nitaondoka tena.

Sanduku nimelijaza vitabu ili anayelisogeza aamini. Nimelisimamisha pale mlango unapofunguka, lionekane kwanza.

Ijumaa nitakuwa na simu mfukoni wakati wa karamu, imewashwa. Huenda Eucabeth akapiga.

Webuye sirudi; kule hakuna anayehesabu.