Jinsi Yolima Alivyomkomboa Babu Yake kwa Jibini

Tulizeni viti vyenu vya kubembea, enyi majirani wa ukingo wa mto Magdalena, nanyi mabinti msiosikia la mama, tegeni masikio. Kwani niyaletayo si masengenyo bali ni tarikhi, nayo ilianza kwa fununu.

Fununu hiyo niliipata sokoni, ikaniganda sikioni kama kupe: ya kwamba amepanda mto kwa mashua ya injini mtu mwenye kofia ya majani, akusanyaye postikadi za kale za mji wetu na meli zake za moshi. Kila moja huilipa kwa sufuria mpya. Hulipa kabla, huchukua akiondoka. Na ya kwamba marehemu aliyemo pichani huifuata picha yake iendako, hata Jumatano Kuu, tuwashapo mishumaa makaburini na kuwapigia wafu wetu muziki, yeye hayupo. Yumo ndani ya droo ya watu ng'ambo, tarumbeta halisikii.

Nami postikadi nilikuwa nayo moja: gati la zamani, meli, na juu ya ngazi, mdogo kama sisimizi, baba yangu Crisanto na gunia begani. Picha yake nyingine haipo duniani. Jioni ile ile Bi Etelvina, jirani yetu, alikuja kubarizi kwangu. Joto likamzidi, akaichomoa postikadi kwenye fremu ya kioo, akajipepea, akaaga, akaenda zake akijipepea, nami adabu ikanifunga mdomo. Kesho yake jikoni mwake ikaonekana sufuria mpya, ing'aayo kama ngao.

Sheria ya mji huu mnaijua. Kitu kilichotoka mlangoni mkononi mwa mgeni hakidaiwi. Kukidai ni kumwita mwizi, na ugomvi huo hurithiwa na wajukuu. Na mwenye kofia alikuwa anaondoka alfajiri. Nikalia. 

Ndipo akainuka Yolima, binti yangu, mkunja jibini tabaka kwa tabaka, Yolima wa viganja vyepesi, asiyewahi kushindwa ila na usingizi wa asubuhi.

"Mama, futa machozi. Kabla kengele za jioni za kanisa la Santa Bárbara hazijalia, babu atakuwa nyumbani."

"Usiende, mwanangu. Yule mama ana ulimi, atakunyoa bila maji."

"Yeye ana ulimi, mimi nina jibini."

Akajifunga aproni, deraya yake, akatwaa sahani, silaha yake, akashika njia. Nikamfuata kwa mbali, nikajibanza nyuma ya nguzo.

Bi Etelvina aliketi mlangoni pake kama sultani, akibembea na kujipepea, na baba yangu mkononi mwake akipanda na kushuka hewani hata nikaona kizunguzungu kwa niaba yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni jibini, bibi. Nimekuletea nawe unenepe."

"Kaa basi, usinisimamie kama mdai kodi."

Wakabembea, huyu mbele, yule nyuma, kama majeshi mawili yanayopimana. Kahawa ikaja, ikanyweka. Wakalijadili joto, wakaujadili mguu wa padri, na postikadi hakuna aliyeitaja. Kisha Yolima akasogeza sahani. Jibini yetu haing'atwi. Hufunuliwa tabaka baada ya tabaka, na mkono mmoja hautoshi. Bi Etelvina akaitazama jibini, akaitazama postikadi, akaitazama jibini. Ngome ikaanguka: akailaza postikadi kwenye mkono wa kiti.

"Joto hili, bibi," akasema Yolima, akaiokota, akajipepea. Akajipepea ameketi. Akajipepea akisimama. Akajipepea akiaga.

"Mbona mapema?" akauliza Bi Etelvina, mdomo umejaa.

"Mama kichwa kinamgonga."

"Mpe pole." Kisha, Yolima alipokwisha geuka: "Wee Yolima."

Binti yangu akaganda. Nami nikaganda, hata mto nadhani uliganda.

"Pepea taratibu. Usimkunje baba yangu."

"Baba yako, bibi?"

"Huyo mshika kamba, ubavuni mwa Crisanto. Mlidhani ningempa yule wa kofia? Nilimwuzia postikadi yangu, ile ya kanisa. Haina mtu. Na mwambie mama yako atoke nyuma ya nguzo, mbu watammaliza."

Hivyo ndivyo Yolima alivyorejea kwa ushindi, ameenda kumkomboa baba mmoja akarudi na wawili. Na kengele za Santa Bárbara zikalia, wengine wakidhani ni za misa. Tangu hapo Bi Etelvina huja kila jioni kumwamkia baba yake kiooni, na joto likimzidi hujipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Basi, mabinti, jiepusheni na haya:

Kuchomeka picha ya marehemu mahali mkono wa mgeni unapofika, siku ya joto.

Kwenda kwa jirani mikono mitupu.

Kulia kabla hujauliza sufuria imelipia picha gani.

Kutoa picha yenye mtu kwa chombo cha jikoni, hata kiwe na mfuniko.

Kujificha nyuma ya nguzo iliyo nyembamba kuliko wewe.